Bunge Lisilo na Makelele

Bunge la chama kimoja ni chombo cha kuokoa muda. Mbunge hahitaji kusoma muswada. Anahitaji viganja vya kupiga meza. La Kenya lilionyesha ustadi huo Juni 1982, lilipopitisha kifungu cha 2A cha Katiba kilichoifanya KANU chama pekee halali. Mwaka 1988 uteuzi wa wagombea ubunge ukafanywa kwa mlolongo: mpiga kura alisimama nyuma ya mtu wake mchana kweupe (mwenye kutaka siri akatafute benki), na aliyepata asilimia 70 alipita moja kwa moja. Kwingine mstari mfupi ulitangazwa mrefu, kazi inayotaka macho ya kitaalamu.

Ufuoni Dunga, Kisumu, mfumo huu hauhitaji maelezo. Sangara, ambaye huko huitwa mbuta, aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 fulu, samaki wadogo anaowala, walikuwa wamepungua mno, na utulivu ukatawala. Hakuna fulu aliyewahi kulalamika. Akilazwa kwenye mizani, mbuta ana tumbo lililojaa na mdomo wazi, kama anayeunga mkono hoja.

Kifungu kilifutwa Desemba 1991. Mbuta bado yumo.