Do, Mi, So, Kipenga

Stoo ya usharika wetu hapa Dar es Salaam ilikuwa na kisanduku cheusi, kipana kama Biblia ya mimbarini, tulicholetewa zamani na wageni kutoka Ujerumani. Mama wa usafi alikitumia kuzuia mlango usijifunge. Mimi mpiga kinanda ndiye niliyegundua kwamba tumboni mwake mmejaa violini, tarumbeta na filimbi. Nikasimama mbele ya kwaya nikasema, "Nipeni siku moja tu, nakiunganisha na piano yetu."

Siku hiyo moja ilichukua wiki mbili na nusu.

Vyombo hivi huunganishwa kwa midi. Wengi hudhani waya wa midi hubeba sauti. Haubebi. Waya ule ni mshenga: piano inamtuma akaseme "kitufe namba 60 kimebonyezwa, kwa nguvu ya 90," halafu "kimeachiwa." Muziki wenyewe unapigwa huko ukweni, ndani ya kisanduku. Na mshenga huyu haongezi neno wala hapunguzi. Ukimtuma upuuzi, anaufikisha wote.

Waya sikuwa nao. Plagi yake ni ya duara, ya pini 5, jamaa ya zile za redio za zamani, basi nikaenda kwa mzee mmoja fundi redio mtaani kwetu. Nikampa shikamoo, nikamweleza kama nilivyosoma: ujumbe unapita pini ya 4 na ya 5, na ya 2 ni ya kukinga makelele. Akalehemu vizuri kabisa, risasi inang'aa. Nikafika kanisani, nikachomeka, kimya. Siku ya tatu ndipo nilipoifungua plagi na kuimulika kwa tochi ya simu. Kando ya kila pini kuna tarakimu ndogo kama mayai ya chawa. Nikazisoma kutoka mwanzo wa upinde: 1, 4, 2, 5, 3. Fundi alikuwa amehesabu kwa mpangilio, moja mpaka tano, kama binadamu yeyote mwenye akili timamu.

"Mwanangu," akaniambia nilipomrudia, "mimi nimeishia darasa la saba, na huko nne ilikuja baada ya tatu." Akalehemu upya. Akanitoza upya.

Bado kimya, maana nilichomeka tundu la OUT la piano kwa OUT ya kisanduku nikiamini ndugu hukaa na ndugu. Ikawa kama kikao cha ukoo: wote wanasema, hakuna anayesikiliza. Na kumbe Januari 1983, kwenye maonyesho ya ala za muziki kule California, Prophet-600 ya Wamarekani iliunganishwa na Jupiter-6 ya Wajapani, kampuni mbili zinazogombea wateja walewale, na vinanda vikaelewana mbele za watu. Dave Smith na Ikutaro Kakehashi walipewa tuzo ya Grammy ya kiufundi mwaka 2013 kwa kuuanzisha mfumo huu wa midi. Vyangu vilikuwa chini ya paa moja la Bwana na havisalimiani.

Nilipouhamishia waya kwenye IN ya kisanduku, violini zikatoka. Nusura nilie. Ila niliziona zinatoka kwa unyonge, na kwenye kioo cha piano paliandikwa "CH 1." Nikadhani ndicho kipimo cha sauti. Nikapandisha mpaka 10, maana shuleni kwetu kumi kwa kumi ndiyo ilikuwa alama ya mwenye akili. Sauti ya piano yenyewe nikaizima kabisa. Kwaya ilikuwa inaingia, kujaribu sikujaribu.

Midi ina chaneli 16, na kwenye visanduku vya aina ile chaneli ya 10 ni ya ngoma peke yake. Kila kitufe kina chombo chake cha kugongwa.

"Tupe do," akasema mwalimu wa kwaya.

Nikabonyeza do ya katikati. Ikalia bongo. Nikaenda mi: konga. So: kengele ya agogo. Nikakimbilia do ya juu nikiomba rehema, nayo ikapuliza kipenga kirefu, cha mwamuzi anayemaliza mechi.

Sauti ya pili wote wakakaa. Wa besi mmoja akauliza kama kuna dakika za nyongeza.

Jumapili nilirudi chaneli ya 1, na wimbo wa tatu ulikwenda kama maji. Nikiwa nimeshikilia noti za mwisho, mguu nikiutoa kwenye pedali, ukaunasa waya ukachomoka. Nikainua vidole. Violini zikaendelea. Ule ujumbe wa "kimeachiwa" haukuwa tena na njia ya kupita, na kisanduku kitiifu kikashikilia noti zilezile kikisubiri amri.

Mchungaji akasema, "Tuombe."

Akaomba juu ya violini zile, taratibu, sauti ikimtetemeka, dakika ya kwanza, ya pili, ya tano, mimi niko magotini natafuta tundu la waya gizani. Akina mama walikuwa wanafuta machozi. Alipotamka amina ndipo nilipoipata swichi ya umeme.

Ratiba ya ibada siku hizi, baada ya wimbo wa tatu, ina mstari usemao "Violini (ndefu)." Viatu nimeacha kuvaa ninapopiga. Waya nauvuta kwa kidole gumba cha mguu.