Halo, Nani Mwenzangu?

Simu ilipokuwa bado changa, mabwana wakubwa walitofautiana kuhusu neno la kuanzia maongezi. Alexander Graham Bell, aliyepewa hataza ya simu nchini Marekani mwezi Machi 1876, alipenda "ahoy", ule mwito wa mabaharia wanaoitana kutoka chombo hadi chombo. Thomas Edison akaja na lake. Tarehe 15 Agosti 1877 alimwandikia mkuu wa kampuni moja ya telegrafu mjini Pittsburgh kwamba hakuna haja ya kengele, maana ukiita "hello" unasikika umbali wa futi 10 hadi 20, yaani mita tatu hadi sita.

Abiria yeyote wa daladala atakwambia Edison alipunja. Halo ya mama aliyekaa siti ya nyuma humfikia dereva, na konda hugonga bati akidhani kuna anayeshuka.

Kabla ya hapo "hello" haikuwa na heshima kubwa. Ilikuwa sauti ya kushangaa, au ya kumshtua mtu aliye mbali, na nduguye "halloo" alikuwa akitumika kuwahimiza mbwa wa kuwindia. Ni simu iliyoipandisha cheo hadi ikawa salamu. Wafaransa wakaichukua na kuiacha humo humo kwenye simu. Wakikutana uso kwa uso husema "bonjour". Waitaliano wakaikataa, wao husema "pronto", yaani tayari. Wajerumani wengi hutaja jina la ukoo mara tu wanapopokea, na fumbo linaishia hapo.

Kutaja jina ndiko kunakowashinda Waswahili. Halo waliipokea kwa mikono miwili, lakini nyuma yake wakaweka mlinzi aitwaye "nani mwenzangu?", na huyo hafungui geti kabla hajatajiwa jina. Aliyepiga anaona ajulikane kwa sauti tu, aliyepokea anaona mgeni ndiye wa kujitambulisha.

"Halo, nani mwenzangu?"

"Wewe nani?"

"Si wewe uliyepiga? Unamtaka nani?"

"Namtaka shemeji."

"Shemeji ndiye mimi."

"Mbona sauti si yako?"

"Mafua."

"Loo, pole sana shemeji."

Hapo mambo yameharibika na hakuna anayejua, kwa sababu nchi nzima hakuna mwanamume asiye shemeji wa mtu. Habari za nyumbani zinaulizwa, za watoto, za mvua, za kazi. Kila jibu ni "nzuri tu", na "nzuri tu" inafaa kwa ukoo wowote ule. Mpaka unapofika mguu wa mzee.

"Na mzee, ule mguu unaendeleaje?"

"Mzee yupi tena? Mzee wangu si tulimzika mwaka juzi!"

Kimya. Kisha: "Samahani, ndugu yangu, nimekosea namba."

"Haya, hamna shida. Huyo wa mguu mwambieni asiache kuukanda."

Mtandao ukisumbua, halo hugeuka fundi. Mtu huirusha mara tano mfululizo, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, huku akitoka sebuleni kwenda uani, na kutoka uani kwenda kupanda kichuguu.

Mjini New Haven, Connecticut, ambako huduma ya kuunganisha simu kibiashara ilianza Januari 1878, kitabu cha simu cha mwaka huo kiliwaelekeza wateja waanze kwa "hulloa" na wamalize kwa kusema "that is all", yaani nimemaliza. Agizo la kwanza lilienea duniani. La pili halikufika mbali, na hakika halikufika pwani ya Afrika Mashariki.

Huku kazi hiyo imepewa neno "haya", na haya moja haitoshi kukata simu. Ya kwanza humaanisha nimekusikia. Ya pili, "haya basi", humaanisha tunakaribia kuagana. Inafuata "haya, wasalimie", halafu "haya, zimefika", halafu "ee, kabla sijasahau", na hapo ndipo linapotajwa jambo lenyewe lililomfanya mtu apige simu. Jambo linachukua nusu dakika. Kisha haya zinaanza upya, ya kwanza, ya pili, ya wasalimie, na katikati ya ya nne salio linakwisha.

Mswahili mwenye adabu zake haachi mambo yaishie hivyo. Anakopa salio, anapiga tena, aje kumalizia kuaga.