Namna ya Kuwa Mjuzi wa Pesa Bila Kuwa Nazo

Kutafuta pesa ni kazi. Kueleza neno lenyewe limetoka wapi hakuhitaji mtaji: benchi la kijiweni, sauti nzito na wasikilizaji wasiomiliki kamusi vinatosha. Fuata maelekezo haya, na kabla ya adhuhuri utaitwa profesa.

Anza na kanuni ya wavivu: kila neno ni la Kiarabu. Mtu akitaja fedha, kohoa kidogo, sema limetokana na jina la madini, kisha nyamaza. Hapo utakuwa umepatia. Hatari ni kwamba utapata kiburi, na hiyo pesa nayo utaivalisha kanzu. Usithubutu mbele ya Mhindi mwenye duka. Paisa ni ya kwao, ikavuka bahari na biashara, hata Sultani Barghash wa Zanzibar akatoa za shaba kwa jina lake mwaka 1882.

Kwenye hela ndipo heshima yako itakapopimwa. Hakosi kijana wa kudai kwamba imetokana na hila, kwa kuwa haipatikani bila ujanja. Mpongeze, maana uongo wake una ladha kuliko ukweli wa wengi. Kisha mmalize taratibu. Wajerumani walipotutawala walikuwa wakihesabu pesa 64 kwa rupia moja. Mwaka 1904 wakabadili, rupia ikawa heller 100. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowabana, meli za kuleta sarafu hazipiti, wakazitengeneza wenyewe Tabora mwaka 1916: za shaba za heller 5 na 20, na ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Wajerumani wakaenda zao, rupia ikawafuata, hela ikabaki mdomoni mwetu. Na kwa kuwa heller ilipewa jina la mji wa Hall huko Ujerumani, kila anayemwambia mwenye nyumba "sina hela" anautaja mji asioujua. Mwenye nyumba naye haujui, na kodi anaitaka palepale.

Wakishalegea, watupie daladala. Watakuambia ni kelele za kondakta. Wakubalie nusu: ndiyo, walikuwa wakiita "dala, dala!", na dala ilikuwa shilingi tano. Sasa uliza dala imezaliwa wapi. Kimya hicho ni chako, kitumie. Imezaliwa katika bonde la Joachimsthal, Bohemia, sasa Ucheki, ambako miaka ya 1520 walichimba fedha na kutengeneza sarafu iliyoitwa taler kwa kufupisha jina la bonde. Kutoka taler ikaja dola, kutoka dola dala. Jamaa zake walitufikia mapema: riale za Maria Theresia, malkia wa Austria aliyekufa mwaka 1780, ziliendelea kutengenezwa baada ya kifo chake na tarehe ileile ya 1780, na Zanzibar zikapokelewa bila kuulizwa umri. Kwa hiyo konda wa Mbagala anayening'inia mlangoni ana ukoo na mgodi wa Ulaya ya kati. Usimweleze gari likiwa limejaa.

Akitokea Mkenya, wahi kumwambia matatu ni mapeni matatu, yaani senti 30 za nauli ya zamani, kabla hajakuambia yeye. Thumuni iguse kwa mbali. Ni sehemu ya nane, lakini wazee waliiita hivyo senti hamsini, nusu ya shilingi. Mwenye akili za hesabu akianza kukunja uso, hamia haraka kwenye jero, buku na msimbazi. Huyo wa mwisho ni noti ya elfu kumi, nayo ni nyekundu, na mashabiki wa Simba hawataki maelezo zaidi.

Linabaki swali moja baya: mkwanja je? Usibuni. Mtazame muulizaji kwa huruma, umuulize kama anao. Akisema anao, mwambie alipie kahawa ya benchi zima, ndipo utafiti uendelee.