Kava la Albamu na Gunia la Mahindi

Baba watoto alirekodi albamu yake ya Kikalenjin kwa pesa zake mwenyewe, na hapa kwetu Kapseret amani iliondoka siku ya kuchagua kava. Yeye alitaka kasha la plastiki ngumu, lile nene la sentimita moja. "Mama watoto, mtu akinunua nje ya kanisa, ahisi ameshika kitu," alisema.

Basi makasha yakaagizwa. Yalifika yamefungwa nyuma ya bodaboda kutoka Eldoret, na barabara yetu yenye mashimo ilikuwa imeyamaliza. Bawaba zilikuwa zimekatika. Yale meno ya katikati yanayoshika sidii yalikuwa yamevunjika na kubaki ndani yakikwaruza. Plastiki hiyo, polistirini, inapendeza machoni lakini haijui kupinda.

Kogo, mama mkwe wangu, hakusema neno. Alifungua sanduku lake la bati akatoa santuri ndogo za Chandarana, kampuni ya Kericho iliyorekodi wanamuziki wengi wa pande hizi. Kila moja ilikuwa bado kwenye bahasha yake ya karatasi. Kingo zilikuwa zimechakaa, lakini santuri zenyewe zilikuwa nzima. Baba watoto alizigeuzageuza, akanyamaza.

Tukachapisha kava za kadibodi, tukakesha sebuleni tukipaka gundi. Lakini Julai ya huku ni mvua na baridi, na gundi ilikataa kukauka. Kifungua mimba wetu, kwa nia njema kabisa, akazipanga kando ya jiko la makaa. Kulipokucha zilikuwa zimejikunja kama majani makavu ya mgomba. Baba watoto alitoka nje bila kunywa chai. Mtoto akalia.

"Wacheni kelele, leteni gunia," Kogo akaamuru. Tukazilaza chini ya gunia la mahindi la kilo 90, na baada ya siku kadhaa nyingi zikanyooka.

Kundi la pili tulilikunja bila gundi, ulimi wa kadibodi ukiingia kwenye mkato, maneno ya nyimbo yakiwa ndani. Mgongoni tuliacha nafasi ya stika ya KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, maana Sheria ya Hakimiliki ya 2001 iliweka sharti la alama hiyo kwa nakala za kuuzwa.

Ndugu msanii unayetoa albamu yako mwenyewe, chagua kadibodi nene. Na kabla hujalipia mzigo wote, omba kava moja tu, liletwe kwa bodaboda mpaka mlangoni kwako.