Meli Zatia Nanga Ukutani Mpondwe

Nimechoka na meli. Nasema hivyo nikiwa Mpondwe, ambako chombo cha majini tunachokijua ni mtumbwi wa wavuvi wa Katwe, na mto wetu Lhubiriha kazi yake kubwa ni kututenga na jirani zetu wa Kasindi, upande wa Kongo. Hata hivyo, katika hoteli ninayokula bundu kwa samaki, ukutani wamening'iniza picha ya rangi za maji: meli tatu, mji wa bandari, nyumba nyeupe na mnazi mmoja.

"Mombasa hiyo, mzee," mama mwenye hoteli huniambia. Aliinunua kwa kijana mmoja siku ya soko.

Mombasa gani? Moshi wa meli unakwenda kushoto, bendera inapepea kulia. Na ule mnazi! Shina ni la mnazi kweli, lakini kufika juu mkono wa mchoraji ukakumbuka kwao Bwera, ukamalizia mgomba.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba meli hizo zimefika. Zimetulia, hazidaiwi karatasi wala muhuri. Mimi nauza mabati. Mzigo wangu ulishuka Mombasa, ukapanda lori, na kutoka huko hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,500. Kila nikimpigia wakala anasema, "Uko njiani." Hata mimi niko njiani, kuelekea kaburini, lakini sijamtoza mtu ada.

Wazee wanatukumbusha kwamba reli ya kutoka Mombasa ilifika Kasese mwaka 1956, kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Shaba ikienda kuyeyushwa Jinja, kisha ikateremka pwani kusubiri meli. Siku hizo bandari ilikuwa jirani. Sasa garimoshi limebaki katika masimulizi, nasi tumeachiwa malori, yanayolala barabarani mpakani kama ng'ombe walioshiba.

Juzi mvua ya Rwenzori ikaja na hasira zake. Ikapenya kwenye tundu la paa la hoteli, ikaiangukia meli ya katikati. Rangi za maji zikarudi kwenye maji: mlingoti ukayeyuka, dohani likachuruzika hadi gatini. Meli imezama Mpondwe! Mama akanigeukia mimi. "Mzee, si wewe muuza mabati? Niuzie moja nizibe." Nikamwambia liko njiani. Wateja wakacheka mpaka mchuzi ukawapalia.

Kwa uchungu nikamshukia mchoraji: hajaiona bahari, anathubutuje kuichora? Mwalimu mmoja aliyekuwa anakula maharage akanikatiza. Akasema Harry Johnston, kamishna wa Waingereza Uganda, alivuka mto Semliki mwaka 1900 kumtafuta mnyama aitwaye okapi, akarudi bila kumwona hata mmoja aliye hai. Mwaka 1901 akapata ngozi na mafuvu, akachovya brashi, akamchora kwa rangi za maji. Mpaka leo wanasayansi humwita mnyama huyo Okapia johnstoni.

Haya! Mzungu akichora asichokiona, mnyama anapewa jina lake. Kijana wa Bwera akichora asichokiona, analipwa bei ya sahani ya wali. Hasira yangu ikahama upande, ikaniacha hoi.

Siku ya soko nikamtafuta yule kijana. Nikamshauri kwa upole: achana na meli, chora malori. Yako hapa hapa, hayasogei, hata ukitaka kupima urefu wa tairi hakuna wa kukuharakisha. Chora na wanaobeba magunia mgongoni, na akina mama wenye madumu ya mawese. Hayo ndiyo maisha yetu.

Akanitazama kwa huruma, akaendelea kupaka bahari buluu.

"Baba, nani atatoa pesa yake anunue foleni?"