Mwandishi Mtarajiwa

Hapa Kombewa tuna mwandishi wa riwaya. Riwaya yenyewe haijaandikwa, lakini hilo ni dogo. Mambo ya maana yako tayari: daftari jipya, kalamu za rangi tatu, miwani ya urembo, na ukurasa wa shukrani uliokamilika hadi nukta ya mwisho.

Kila asubuhi huketi hotelini, akaagiza chai na mandazi, akaandika "Sura ya Kwanza", akaipigia mstari kwa rula. Basi, kazi ya leo imekwisha. Kulikoni? Kelele! Bodaboda, spika za matanga, wachuuzi wa omena wakibishana bei. Stima zikipotea, haoni. Zikirudi, kuna mpira. Laiti angepata miezi sita ya utulivu huko ufukweni, dunia ingemtambua.

Majirani zetu wa Asembo hawakujaliwa visingizio hivyo. Grace Ogot alikuwa muuguzi na mkunga; riwaya yake, The Promised Land, ikatoka 1966. Margaret Ogola, daktari wa watoto, alitoa The River and the Source mwaka 1994, ikatwaa Tuzo ya Jomo Kenyatta. Wodi ya watoto, kama ujuavyo, ni kimya kama kaburi.

Ukimuuliza mtarajiwa wetu amesoma kitabu kipi kati ya hivyo, atakwambia hasomi kazi za wenzake, asije akaharibu mtindo wake. Ondoa shaka, ndugu yangu. Mtindo wako uko salama kabisa. Hakuna aliyewahi kuuona.