Vioo Viwili, Breki ya Kandambili

Anayejiundia baiskeli mpya Mwanga, mjini Kigoma, huanza na vioo viwili vya pembeni, kana kwamba hatari zote hutoka nyuma. Hufuata kengele, maua ya plastiki na kiti chenye nakshi. Breki itangoja hela ipatikane. Kwa sasa ipo soli ya kandambili. Shida ni kwamba barabara ya kutoka Mwanga hadi stesheni ya reli inateremka kuelekea ziwani, na dumu la mawese la lita 20 lina kilo kama 18. Madumu mawili kwenye keria ni kilo 36 zisizojua neno samahani.

Mtetezi atasema pambo huvuta abiria, na breki fundi atafunga wakati wowote. Pambo tumekubali. Lakini mwenye baiskeli huyohuyo hakungoja hela ndipo achomelee keria ya nondo, kwa hiyo uzito anaujua vizuri. Anachokataa ni kwamba uzito nao hupenda mteremko. Na wenye gia 21 wasicheke: wamenunua njia 21 za kwenda, na raba za breki hawajazibadilisha tangu dukani.